Kanga Niliyoiacha Pangani

Mchanga hauondolewi kwa kitambaa chenye maji. Naanza na hilo kwa sababu ndilo la kwanza mtakalokosea. Mtoto akishagaagaa ufukweni, mchanga ukajaa kwenye mikunjo ya mapaja, shingoni na nyuma ya masikio, wewe utakimbilia kulowesha kitambaa umsugue. Hapo umemkwangua ngozi, na usiku huo hamtalala, wala yeye wala wewe wala mama yake. Mwache akauke kivulini. Mnyunyizie poda, hii hii ya watoto, kisha mpanguse kwa kiganja kitupu. Mchanga utadondoka wenyewe.

Mimi ndiye Kabula. Nimelea watoto wa watu hapa Bariadi mpaka magoti yalipokataa kuinama kuokota midoli. Ninyi mabinti mnaoshuka stendi na mfuko wa nguo mkiulizia kazi za ndani, mmeshazoea kuja kibarazani kwangu. Mnaniita bibi, mnanisaidia kuchambua mchele, halafu mnaniuliza zile za baharini. Mmesikia kwamba nilikwenda mapumziko na bosi wangu, nikalala kwenye shuka jeupe, nikapigwa picha nimevaa miwani ya jua. Picha ni ya kweli, ipo. Leo nitawaambia yaliyokuwa nyuma ya ile miwani. Nilikwenda baharini kumfundisha mtoto mmoja amjue mama yake. Niliporudi, nikaenda kumtafuta wa kwangu, ili naye anijue mimi. La kwanza niliweza.

Lakini msidhani nilizaliwa nayajua maji. Mimi ni wa Lingeka, kule Meatu, ambako maji tulikuwa tunayachimba kwenye mchanga wa mto, na mto wenyewe unauona ukitembea mara chache kwa mwaka. Maji makubwa niliyaona nikiwa mtu mzima, nikifanya kazi kwa mhasibu mmoja aliyetoka Mbeya. Jumamosi moja akatupakia kwenye gari, mimi, mkewe na mtoto wao aliyekuwa anatambaa, tukaenda ziwani upande wa Busega. Tulipofika akaniambia, "Dada, mtafutie mtoto mahali pazuri achezee."

Basi nikatafuta. Mtoto wa mfugaji akiambiwa atafute maji, anatafuta yaliyotulia, yenye mteremko laini na majani pembeni, kwa sababu ng'ombe hapendi maji yanayompiga usoni. Nikapita ufukwe wote uliokuwa na watu na mawimbi, nikaudharau, nikaenda kuketi na mtoto kwenye kidimbwi kizuri katikati ya matete. Nikajiona nimefanya kazi ya maana. Kulikuwa na mama mmoja wa Kiloleli anapita na beseni la dagaa kichwani. Alilitupa lile beseni.

"Wewe mayu! Unamlisha mamba au unamtafutia kichocho? Toa mtoto hapo!"

Nilimtoa mbio, tukaanza kuokota dagaa wake mmoja mmoja, huku akinitukana Kisukuma chote anachokijua. Tangu siku ile najua: ziwani mtoto anachezea mahali peupe, penye mchanga na wimbi, penye watu wanaooga, maji yakiishia kwenye vifundo vya miguu, na mkono wako hautoki kwake hata kama simu inaita. Yale yaliyotulia kwenye matete waachieni wenyewe. Nawaambia pia ili mjue kwamba ujuzi wa ng'ombe umewahi kuniangusha mapema, nami sikusikia.

Sasa nije kwa Nasra. Mama yake aliitwa Zuhura, afisa kilimo, mtu wa Pangani kabisa, aliyepangiwa huku kwetu kwenye vumbi. Mumewe alikuwa kikazi Mtwara na alikuja akipata ruhusa. Likizo ya uzazi ilipokwisha, Zuhura alinikabidhi mtoto akiwa bado mchanga, shingo ndiyo kwanza imekaza. Nanyi mnajua msimu wa pamba ukifika afisa kilimo anavyoishi. Anatoka mtoto hajaamka, yuko vijijini siku nzima na wakulima wanaolalamikia mbegu na dawa, anarudi mtoto keshalala. Sikumlaumu. Wapo mabosi wa kulaumu, nitawatajia siku nyingine tukiwa na nafasi, lakini yeye hakuwamo.

Nasra akakua mgongoni kwangu. Nilimfunga kwa kanga ya zambarau, tukachota maji pamoja, tukaenda sokoni pamoja, tukapika pamoja. Maneno ya kwanza akayaokota kutoka kwangu, nikiongea na simu au nikisalimiana na majirani. Maji akayaita minzi, kama tunavyoyaita sisi nyumbani. Mimi akaniita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Na mama yake, kwa kuwa alinisikia mimi namwita hivyo kila siku, akamwita Mama Nasra.

Mara ya kwanza Zuhura alicheka mpaka machozi, akaenda kuwasimulia ofisini. Baadaye akaacha kucheka. Akimchukua mtoto, mtoto anajinyonga, ananyoosha mikono kwangu, analia kama aliyechukuliwa na mgeni. Zuhura anamrudisha kwangu, anaingia chumbani, anafungua maji ya bafuni yamwagike kwa nguvu ili nisisikie.

Siku moja alinikuta jikoni naosha vyombo. Akasimama mlangoni na simu mkononi.

"Dada Kabula, uhamisho umetoka. Narudi Tanga."

"Hongera, mama Nasra."

"Usinipe hongera." Akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, yeye na sketi yake ya ofisini. "Nitamfikishaje huyu kwa mama yangu? Pale uwanjani watajaa shangazi zangu wote. Nimpakate mbele yao, anikatae? Watasema nilimzaa nikamtupa."

Nikaendelea kusuuza.

"Nina likizo," akasema. "Kuna mahali ufukweni, nje kidogo ya mji, wanakodisha vibanda. Twende sisi watatu kabla sijaingia nyumbani. Mtu asijue kama nimefika. Ukae nasi mpaka anizoee. Halafu..."

"Halafu nirudi," nikamalizia mimi.

Akaitikia kwa kichwa, hakuniangalia.

Nilikubali. Mabinti, mtadhani nilikubali kwa sababu ya bahari. Nilikubali kwa sababu na mimi nilikuwa na mtoto. Anaitwa Minza. Nilimwacha Lingeka ametoka tu kuachishwa ziwa, baba yake alipokwenda machimboni akapotelea huko. Mama yangu akabaki naye, mimi nikaja mjini kutafuta. Nilikuwa naenda Krismasi na pengine wakati wa mavuno, na nguo mpya na biskuti. Bibi yake ndiye alikuwa Mayu. Mimi aliniita Kabula, maana ndivyo bibi yake alivyoniita. Sasa mnaona kwa nini sikuweza kucheka na Zuhura hata ile mara ya kwanza.

Mwaka ule ule, kabla ya mvua, mama yangu alifariki. Nilikwenda kuzika, nikarudi kazini, Minza akabaki kwa kaka yangu Masanja, kwenye boma lile lile la mama. Nikajisemea: nikimaliza la Nasra sichukui kazi ya kulala tena. Nitapanga chumba, nitatafuta kazi ya kwenda na kurudi, nitamleta binti yangu Bariadi tuanze upya. Maishani mwangu sijawahi kutaka kitu kama nilivyotaka hicho.

Safari ya basi na mtoto mdogo nitaisema kwa kifupi, kwa sababu mtaijua kwa kuipata. Uji uwe kwenye chupa ya chai, mwepesi, usiwe na maziwa, maana maziwa yanachacha kabla ya Singida. Nguo za kubadilisha ziwe kwenye mfuko wa miguuni, siyo kwenye buti la gari. Na wewe mwenyewe usinywe soda, kwa sababu basi halitakusimamia wewe.

Tukafika Pangani jua linawaka. Kibanda chetu kilikuwa cha makuti, ndani vitanda viwili vyenye vyandarua na yale mashuka meupe mnayoyasikia. Mbele yake hakuna kitu ila maji. Nilisimama nikayatazama mpaka Zuhura akaniuliza kama naumwa. Asubuhi yake nikatandika mkeka mahali pakavu, mbali kabisa na maji, nikapanga uji, kofia, poda, taulo, kila kitu kwa utaratibu wangu. Nikamgeukia mtoto kidogo. Kugeuka tena, bahari imeufikia mkeka na kiatu changu kimoja kinaondoka. Kumbe bahari inakupwa na kujaa kila siku, na hakuna aliyeona haja ya kumwambia mtu wa Meatu. Zuhura alicheka akakaa chini kabisa. Nafurahi kwamba tulicheka hata siku moja.

Nanyi msije mkamwingiza mtoto baharini na pampasi. Nilimwingiza. Ile pampasi ilikunywa maji mpaka ikafika magotini, mtoto anatembea amepanua miguu kama mzee mwenye busha, halafu ikapasuka, na yale matope yake meupe yakatapakaa kila mahali. Kaptura tupu inatosha. Mtoto aingie baharini asubuhi jua likiwa changa, kisha akae kivulini mpaka alasiri. Akitoka kwenye chumvi asuuzwe kwa maji baridi ya bomba, halafu anyonye au anywe maji yaliyochemshwa, maana upepo wa bahari unamkausha mtoto bila yeye wala wewe kujua. Mchanga atakula tu. Mkishindwa kumzuia mpanguseni ulimi, msipige kelele.

Hayo yote niliyaweza. Kilichotupeleka ndicho kilichokuwa kinashindikana. Zuhura akimbeba kumpeleka majini, Nasra anapiga kelele, "Mayu! Mayu!" mikono yote miwili kwangu. Asubuhi moja walikuwepo wageni wengine, mke na mume na watoto wao. Yule mama, kwa huruma tu, akamwambia Zuhura, "Jamani dada, si umpe mama yake?" Akaninyooshea kidole mimi.

Zuhura akanipa mtoto, akaenda kulala kifudifudi kwenye kitanda. Adhuhuri hakula. Siku za likizo zilikuwa zinakwisha.

Nilimbembeleza Nasra akalala mgongoni, nikakaa kwenye ngazi ya kibanda nikimkumbuka baba yangu. Kwetu ng'ombe akifiwa na ndama, na kuna ndama mwingine aliyefiwa na mama, baba alikuwa anafanya hivi: anamchuna yule ndama aliyekufa, anachukua ngozi mbichi, anamfunga yule yatima mgongoni. Ng'ombe anakuja, ananusa ngozi, anakuta harufu ya mwanawe, anatulia, anamnyonyesha. Baada ya siku kadhaa baba anaitoa ngozi, na wale wawili wameshakuwa mama na mtoto. Nilimsaidia kufunga zile kamba tangu nikiwa mdogo. Aliniambia jambo moja zaidi, kwamba dawa hiyo ni ya wanaonyonya. Ndama aliyekwisha kuanza majani hadanganyiki. Nililisikia, nikaliweka mbali.

Nikafungua kanga mgongoni, ile ya zambarau. Sikuwa nimeifua tangu tulipotoka Bariadi. Ilikuwa na moshi wa mkaa, maziwa yaliyomwagika, na jasho langu. Nikaingia ndani, nikamlaza Nasra kitandani akiwa bado usingizini.

"Mama Nasra, vaa hii."

Akanyanyuka, akaishika kwa vidole viwili. Yeye alikuwa mtu wa udi na marashi, mnawajua watu wa pwani.

"Inanuka, dada Kabula."

"Najua. Inaninuka mimi."

Akaelewa. "Mwanangu anijue kwa jasho la mtu mwingine?"

"Kwa kuanzia."

"Na wewe?"

"Mimi nipe hilo dera lako, na marashi, na sabuni yako ya kuogea. Na hiyo miwani."

Alilia akiwa anajifunga ile kanga, na mimi nikamkaza fundo kifuani mahali ninapolikaza mimi, kwa sababu mtoto anajua hata fundo liko wapi. Nikamlaza Nasra kifuani kwake, kisha nikaoga. Nilijisugua kwa sabuni yake mpaka nikajisahau nanukaje. Nikajipaka marashi, nikavaa dera la maua, nikavaa miwani ya jua ili mtoto asiyaone macho yangu, nikaenda kuketi mbali, chini ya makuti ya wageni, nikapewa na soda. Mhudumu akanipiga picha kwa simu ya Zuhura, akaniambia, "Mama umependeza." Ndiyo hiyo picha mnayoitamani.

Nasra aliamka kifuani kwa mama yake. Nilikuwa naona kila kitu kwa mbali. Akalia kidogo, akanitafuta, akaangalia huku na huku. Macho yake yakapita juu yangu yakaendelea. Halafu akakizika kichwa kwenye kanga, akanusa. Nilimwona anavyonusa, pua yake ndogo inakunjika. Akalegea. Zuhura hakuthubutu kusogea hata mguu wake ulipokufa ganzi.

Kesho yake waliingia baharini pamoja. Keshokutwa mtoto alikuwa anampiga mama yake maji usoni. Nilipika uji nikauacha mezani, nikaondoka kabla hawajafika. Nilifua nguo zao kwa nyuma. Usiku, nikiwa kitanda cha pili, nilimsikia akiamka, nami nikaubana mto kwa meno nisimwitikie, mpaka nikamsikia Zuhura anaimba wimbo wangu wa Kisukuma, maneno yote amekosea.

Siku ya mwisho Nasra alikuwa anakimbiza kaa mdogo, akaangukia kifua kwenye mchanga mgumu. Mimi ndiye niliyekuwa karibu. Nilisahau kila kitu, nikavua miwani, nikapiga magoti nikafungua mikono. Alinyanyuka analia, akaniona, uso kwa uso. Akanipita. Akakimbia na kile kilio chake mpaka kwenye kanga ya zambarau, akaikumbatia miguuni.

"Mayu," akaiambia.

Zuhura akanitazama juu ya kichwa cha mtoto. Nikaitikia kwa kichwa. Hivyo ndivyo kazi ilivyo, mabinti. Ukimfulia mtu vibaya anakuita urudie. Ukimlelea mtoto vizuri kabisa, huitwi tena.

Tuliagana alfajiri mtoto akiwa amelala. Zuhura alinisindikiza hadi barabarani, bado kajifunga ile kanga. Akaniambia, "Wabeja, dada Kabula." Ndiyo asante ya Kisukuma, neno alilokuwa analijua vizuri. Akataka kunirudishia kanga, nikamwambia asiivue wala asiifue mpaka mtoto amzoee bibi yake na nyumba. Mwanzoni alikuwa ananipigia: bado nimeivaa, bado anailalia. Baadaye akasema ameifua. Baadaye zaidi, siku ya Idi, akampa Nasra simu anisalimie. Nikasikia kisauti kinasema, "Shikamoo, bibi," Kiswahili safi cha pwani, kisha kinauliza pembeni, "Nani huyu?" Namshukuru Mungu alikuwa ameshatulia nyumbani kwao kwa amani. Nilitaka kufa pia.

Sasa la pili, ambalo sikuliweza. Nalisema mara moja tu, msiniulize tena.

Nilipotoka Pangani sikukaa Bariadi ila kupanga chumba na kununua kitanda cha pili. Nikapanda gari hadi Mwanhuzi, kutoka hapo bodaboda hadi Lingeka. Minza alikuwa anakaribia kumaliza shule ya msingi, amerefuka, ana mabega ya bibi yake. Akanipokea mzigo, akanisalimia.

"Mwadila, Kabula."

Wifi yangu, mke wa Masanja, akamkemea. "Huyo ni mama yako, we mtoto!"

"Najua," Minza akasema. Hakusema kwa chuki. Akaniletea maji ya kunywa kwa mikono miwili, kama anavyopewa mgeni. Ningefurahi kama angeyamwaga.

Tukalala nyumba ya marehemu mama, yeye kitanda chake, mimi ngozi ya ng'ombe chini. Nikamweleza habari za Bariadi, za shule, za kitanda kipya. Akasikiliza yote. Akasema, "Nitafikiri." Halafu akageukia ukutani. Na ukutani, kwenye msumari, ilikuwa imening'inia kaniki ya mama yangu, ile nyeusi aliyokuwa anajitanda. Haikuwa imefuliwa. Masanja aliniambia mtoto amekataa isifuliwe, wala isigawiwe siku ya matanga.

Minza hakuja Bariadi. Niseme hilo sasa, ili msikae mnangojea. Aliolewa huko huko, amezaa, na mwanawe naye ananiita Kabula. Kile kitanda cha pili ndicho hiki mnachokikalia mkija.

Asubuhi ile, pale Lingeka, Minza alikwenda kisimani mapema. Nikabaki peke yangu na ile kaniki. Nilikuwa nimetoka kuona kwa macho yangu, hazijapita siku nyingi, jinsi nguo inavyoweza kumgeuza mtoto. Nilikuwa nimeshajua dawa, na dawa ilikuwa inaning'inia mbele yangu. Nikaitoa msumarini. Ilikuwa na samli, ugoro na moshi wa kuni, mama yangu mzima. Nikajitanda kama alivyojitanda yeye, nikawasha moto mahali alipowasha yeye, nikainama juu yake nikingoja. Shingoni na mikononi nilikuwa bado nanukia ile sabuni ya Zuhura, alinifungashia vipande viwili nikaona fahari kuogea nyumbani. Hilo sikulifikiria.

Minza akatokea mlangoni na ndoo kichwani. Akaniona kwa nyuma. Nikamsikia anavuta pumzi, nikageuka, nikauona uso wake umefunguka wote, uso ambao sikuwahi kuonyeshwa tangu nilipomzaa. Ulikaa wazi hivyo mpaka aliponitambua. Akaishusha ndoo taratibu, hata tone halikumwagika.

"Vua," akasema. "Hiyo ni ya mayu."

"Ng'wanone, mwanangu, nimekuja kukuchukua. Nataka tu..."

"Vua kwanza."

Nikavua. Nikaikunja, nikampa kwa mikono miwili. Akaipeleka puani. Akanusa, akaikunjua, akanusa upande mwingine, akaigeuza tena, akanusa pindoni, kwenye fundo, katikati, akitafuta. Nilisimama pale mbele yake nikimwona anatafuta, mpaka moto ukazimika.